Bakteria wa udongoni: bidhaa ipo, mlipaji wa kudumu ndiye haba

Rais John Magufuli alipotembelea kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia cha Kibaha, mkoani Pwani, Juni 2017, aliziagiza halmashauri nchini zinunue dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu inayotengenezwa hapo. Ni nadra kiwanda kipya kutafutiwa wateja kwa agizo la Ikulu. Lakini kwa bidhaa ya aina hii, jambo hilo halimshangazi mfanyabiashara anayeifahamu historia yake.

Kiwanda hicho kinamilikiwa na Serikali kupitia Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC). Kilijengwa kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba, kwa gharama ya takriban Dola milioni 22 za Marekani, na kina uwezo wa kutengeneza lita milioni sita kwa mwaka. Kinachozalishwa humo ni bakteria. Mmoja wao, Bacillus thuringiensis, anayejulikana kibiashara kwa herufi mbili tu, Bt, ameuzwa duniani kwa zaidi ya miaka 80, na kwa miongo mingi amekuwa ndiye kijidudu kinachotumiwa zaidi kuliko vyote katika kuua wadudu waharibifu.

Kwa hiyo ubora wa bidhaa si jambo la kubahatisha. Swali gumu ni la soko. Sifa zinazoifanya dawa ya Bt ipendwe na wataalamu wa afya na mazingira ndizo hizo hizo zinazoisumbua dukani. Haidumu, hivyo haiachi masalia ya sumu. Lakini kwa kuwa haidumu, sharti inunuliwe tena na tena. Inaua aina chache tu za wadudu, hivyo haimdhuru kuku wala ng'ombe. Lakini mkulima mwenye wadudu wa aina tano shambani analazimika kununua dawa nyingine za kujazia. Mahali ilipofanikiwa palikuwa na mtu au taasisi iliyokubali kulipa kwa mfululizo. Mahali ilipokwama, mara nyingi mlipaji huyo hakuwapo, au alikuwapo kwa muda tu.

Alikotoka

Bt aligunduliwa kwa sababu ya hasara. Mwaka 1901 mtaalamu wa Japani, Shigetane Ishiwata, alimbaini akiwa chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri kwa ghafla. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner alimkuta tena ndani ya viwavi wa nondo wa unga waliotoka katika kinu kimoja cha jimbo la Thuringia, na mwaka 1915 akampa jina la jimbo hilo. Kwa wafuga viwavi wa hariri bakteria huyu alikuwa balaa. Kwa wenye maghala ya unga alikuwa nafuu. Wafaransa ndio waliokuwa wa kwanza kufanya biashara: mwaka 1938 waliingiza sokoni dawa iliyoitwa Sporeine. Marekani ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950.

Bakteria mwenyewe si adimu. Anaishi udongoni, kwenye majani, kwenye vumbi la nafaka na ndani ya mizoga ya wadudu, karibu kila pembe ya dunia. Ana umbo la kijiti. Chakula kikiwa tele hujigawa na kuongezeka. Chakula kikiisha hujifungia ndani ya ganda gumu linaloitwa spora, ambalo huweza kukaa udongoni kwa miaka likisubiri hali iwe nzuri. Wapo ndugu zake wengi wenye tabia hiyo ya kujifungia. Kinachomtofautisha Bt nao ni kwamba anapotengeneza spora, kando yake hutengeneza pia fuwele ya protini. Thamani ya biashara nzima imo katika fuwele hiyo.

Jinsi fuwele inavyoua

Fuwele haiui kwa kumgusa mdudu. Ni lazima iliwe. Kiwavi anapotafuna jani lililonyunyiziwa dawa, fuwele inaingia tumboni mwake. Utumbo wa viwavi wengi una hali ya magadi makali, na fuwele huyeyuka katika hali hiyo. Vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe huikata protini hiyo na kuipa makali yake, kisha inanasa kwenye vipokezi maalumu vilivyo juu ya chembe za utumbo na kuzitoboa. Ndani ya saa chache utumbo unapooza na kiwavi anaacha kula. Kifo hufuata, kwa kawaida baada ya siku mbili au tatu.

Tumbo la binadamu lina asidi, na utumbo wake hauna vipokezi vya kuinasa protini hiyo. Inameng'enywa kama protini nyingine yoyote. Ndiyo sababu Marekani haikuweka kiwango cha juu cha masalia ya dawa ya Bt kwenye mazao, na ndiyo sababu lebo nyingi huruhusu dawa inyunyiziwe hadi siku yenyewe ya kuvuna.

Kila ukoo wa Bt una wateja wake. Ukoo uitwao kurstaki huua viwavi wa nondo na vipepeo. Aizawai nao ni wa viwavi, lakini kwa mchanganyiko tofauti wa protini. Tenebrionis, uliotangazwa mwaka 1983, huua mabuu ya baadhi ya mbawakawa. Israelensis, unaoandikwa kwa kifupi Bti, huua viluwiluwi wa mbu na wa inzi wanaoeneza usubi. Huu wa mwisho uligunduliwa mwaka 1976 katika dimbwi lililokuwa limejaa viluwiluwi waliokufa, kwenye jangwa la Negev nchini Israeli, na watafiti Leonard Goldberg na Yoel Margalit. Mwenye duka la pembejeo asiyejua tofauti hizi anaweza kumuuzia mkulima wa nyanya dawa ya mbu, na mkulima huyo hatarudi tena dukani kwake.

Gharama za kiwandani

Utengenezaji wa Bt unafanana na wa bia kuliko wa dawa za kemikali. Bakteria wa ukoo uliochaguliwa huwekwa ndani ya tangi lenye maji, sukari au molasi, unga wa soya na madini kidogo. Joto huwekwa karibu nyuzi 30 za Selsiasi na hewa safi hupulizwa ndani bila kukatika. Baada ya siku moja hadi tatu chakula kimekwisha, na bakteria wametengeneza spora na fuwele. Mchanganyiko huo huchujwa, kisha ama hubaki kimiminika au hukaushwa kuwa unga.

Malighafi hizo zinapatikana Afrika Mashariki. Molasi hutoka viwanda vya sukari, na soya inalimwa. Panapouma ni umeme wa kusukuma hewa na kudhibiti joto saa zote, usafi wa hali ya juu, na wataalamu wa maabara. Kijidudu kimoja kigeni kikiingia tangini, kazi yote ya siku hizo inaweza kumwagwa. Tena Bt ana ndugu wa karibu wasiotakiwa: mmoja huharibu chakula na kutapisha watu, na mwingine ndiye mwenye ugonjwa wa kimeta. Kila kundi la dawa linalotoka tangini linahitaji kupimwa kabla ya kuuzwa, na kiwanda kinachoruka hatua hiyo ili kupunguza gharama kinacheza na jina lake.

Upo mtego mwingine unaomhusu mnunuzi. Lita moja ya dawa ya Bt si sawa na lita nyingine. Nguvu yake haipimwi kwa uzito wala kwa ujazo. Dawa hujaribiwa kwa wadudu hai na kulinganishwa na dawa ya rejea, kisha matokeo huandikwa kwa vipimo vya kimataifa vya nguvu kwa kila miligramu. Dawa ya mbu ya VectoBac, kwa mfano, huuzwa ikiwa kimiminika chenye vipimo 1,200 na pia ikiwa chenga zenye vipimo 3,000 kwa miligramu. Afisa manunuzi anayelinganisha zabuni kwa bei ya lita au kilo bila kutazama namba hiyo anaweza kuchagua dawa iliyoonekana rahisi, kumbe kila eneo litahitaji kiasi mara mbili. Rahisi ghali.

Mnunuzi wa kwanza: mkulima wa mboga

Soko la zamani kuliko yote ni la mashamba ya mboga. Kabichi na sukuma wiki hushambuliwa na viwavi wa nondo mdogo wa kabichi, mdudu aliyejijengea usugu dhidi ya karibu kila aina ya dawa ya kemikali aliyonyunyiziwa. Nyanya nazo zina viwavi wanaotoboa matunda. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016, wakulima wa mahindi nao wamekuwa wakishauriwa kuihesabu Bt miongoni mwa silaha zao.

Kwa wakulima wanaouza nje, hasa wa mboga na maua nchini Kenya, hesabu iko wazi. Shehena ya maharagwe mabichi ikikutwa Ulaya na masalia ya kemikali yanayozidi kiwango, inakataliwa, na gharama ya usafiri wa ndege imekwenda bure. Dawa inayoweza kutumika karibu na siku ya mavuno inalinda mkataba. Bei yake kwa lita ikiwa juu, bado iko chini ya thamani ya shehena. Wakulima wa kilimo hai nao wana dawa chache za kuchagua, na Bt inaruhusiwa katika masoko yao ya Marekani na Ulaya.

Kwa mkulima anayeuza kabichi gulioni, hali ni nyingine. Mnunuzi wake hamuulizi habari za masalia. Anachotaka mkulima ni kuona viwavi wameanguka chini asubuhi inayofuata, na Bt haimpi picha hiyo. Viwavi wanaendelea kuning'inia majani siku nzima, hawali lakini hawajafa, naye anaamini ameuziwa maji. Jua linaharibu protini ndani ya siku chache na mvua inaiosha, hivyo arudie kunyunyiza. Viwavi wakubwa hawafi kwa urahisi kama wadogo, kwa hiyo akichelewa amepoteza fedha. Maji yenye magadi mengi yakitumiwa kuchanganyia dawa, nguvu inapungua hata kabla ya kufika shambani.

Mauzo katika soko hili yanategemea maelezo. Duka linalomwambia mteja anyunyize jioni viwavi wakiwa bado wadogo, alowanishe na upande wa chini wa jani, na ahesabu majani yaliyoliwa badala ya mizoga, linauza chupa ya pili. Duka lisilosema lolote linauza chupa moja. Pia mnunuzi anapaswa kuangalia tarehe ya kuisha muda, mahali dawa ilipohifadhiwa na namba ya usajili. Dawa iliyokaa miezi dirishani kwenye jua inaweza kuwa na lebo safi na chupa iliyopoteza makali. Usajili nchini Tanzania ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na nchini Kenya ni kazi ya Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu.

Mnunuzi wa pili: bajeti ya umma

Hapa ndipo Kibaha inapoingia. Teknolojia ya Labiofam ina dawa mbili za viluwiluwi: Bactivec, inayotokana na Bti, na Griselesf, inayotokana na bakteria mwingine wa udongoni, Lysinibacillus sphaericus, ambaye kwa miaka mingi aliitwa Bacillus sphaericus. Huyu wa pili hustahimili maji machafu na hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo anafaa mashimo ya vyoo na makaro, mazalia ya mbu wasumbufu wa usiku aina ya Culex. Bti hufanya kazi haraka lakini haikai. Katika madimbwi ya wazi sharti irudiwe karibu kila wiki.

Mwananchi hanunui dawa ya dimbwi lisilo lake. Mbu wanaozaliwa kwenye mtaro wa barabara wanauma mitaa yote, na anayelipa peke yake anawalipia majirani wake. Kwa hiyo soko hili lina mnunuzi mmoja tu wa maana, nao ni mfuko wa pamoja.

Wajerumani waliliona hilo mapema. Mwaka 1976 jumuiya za kando ya mto Rhine ziliunda chama cha kupambana na mbu, kinachojulikana kwa herufi KABS. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama hicho kimekuwa kikitumia Bti, mara nyingine kwa helikopta zinazodondosha chenga za barafu zenye dawa. Wanachama wanachangia, wataalamu wanapima mazalia kila mafuriko yanapokuja, na muuzaji wa dawa anajua kwamba mwaka ujao mteja atakuwapo. Mbu wa Rhine walikuwa kero zaidi kuliko tishio la maisha, na bado miji ile iliona inafaa kulipa.

Afrika Magharibi ilikuwa na mpango mkubwa zaidi. Mpango wa kudhibiti usubi, ulioendeshwa kuanzia 1974 hadi 2002 katika bonde la Volta na nchi za jirani, ulianza kwa kumwaga kemikali mitoni. Inzi walipojenga usugu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bti iliingizwa katika zamu na kemikali nyingine. Mgawanyo ulifuata hesabu za mzigo: mito ilipokuwa na maji machache Bti ilitumika, na mito ilipojaa kemikali zilitumika, kwa sababu kiasi cha Bti kilichohitajika kwenye mafuriko kilikuwa kikubwa mno kubebwa kwa helikopta. Mlipaji alikuwa mfuko wa wafadhili wa kimataifa, na fedha zilitoka kwa zaidi ya miaka 20.

Dar es Salaam nayo ina uzoefu wake. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulianza mwaka 2004 chini ya Jiji, na mwaka 2006 dawa za bakteria zikaanza kunyunyiziwa katika kata tatu kabla ya kupanuliwa. Wakazi wa mitaa yenyewe waliajiriwa kukagua mitaro, mabwawa na matuta ya mboga kila wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalipungua kwa kiasi kikubwa katika maeneo yaliyonyunyiziwa. Uchambuzi wa gharama uliotolewa mwaka 2011, ukihusisha Dar es Salaam pamoja na Vihiga na Mbita nchini Kenya, uliweka gharama kati ya senti 94 za Dola na Dola 2.50 kwa kila mtu aliyekingwa kwa mwaka.

Kiasi hicho si kikubwa kwa mtu mmoja. Lakini halmashauri yenye watu 300,000 ingehitaji kati ya Dola 282,000 na Dola 750,000, na si kwa mwaka mmoja. Fedha hizo pia si za dawa peke yake. Kuna mishahara ya wanyunyizaji, usimamizi, ramani, mabomba ya kunyunyizia na usafiri. Halmashauri inayonunua mapipa ya dawa kwa kutii agizo, kisha ikakosa posho ya wanyunyizaji, inakuwa imenunua mzigo wa ghala.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limetoa masharti ya kibiashara bila kuyaita hivyo. Mwongozo wake wa mwaka 2013 unasema kazi hii inafaa pale ambapo mazalia ni machache, hayahamihami na yanapatikana kwa urahisi, tena iwe nyongeza ya vyandarua na upuliziaji wa majumbani. Miji inaelekea kutimiza masharti hayo. Vijiji vyenye nyayo za ng'ombe zinazojaa maji kila mvua inaponyesha havitimizi. Kuiuzia kila halmashauri kiasi kile kile bila kutazama mazalia yake kunaongeza mauzo ya mwaka wa kwanza na kupunguza ya mwaka wa pili.

Mnunuzi wa tatu: kampuni ya mbegu

Njia ya tatu iliondoa kabisa tatizo la jua, mvua na kurudia. Mwaka 1981 wanasayansi wa Marekani walitenga jeni inayoamuru bakteria kutengeneza fuwele. Katikati ya miaka hiyo kampuni ya Ubelgiji, Plant Genetic Systems, iliiingiza katika mmea wa tumbaku. Mwaka 1996 pamba na mahindi ya Bt yalianza kulimwa kibiashara Marekani. Mmea wenyewe ukawa unatengeneza protini kila siku, na mkulima akawa analipia dawa ndani ya bei ya mbegu.

Kibiashara hatua hiyo ilibadili kila kitu. Bakteria hana mwenyewe, lakini jeni iliyoingizwa kwenye mbegu iliwekewa hataza. Mapato yakahama kutoka kwa watengenezaji wa dawa kwenda kwa wenye mbegu, na mkulima akalipa kabla hajajua kama wadudu watakuja. Afrika Kusini iliingia mapema, Burkina Faso mwaka 2008, Sudan mwaka 2012. Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha pamba ya Bt Desemba 2019.

Burkina Faso ilitoa funzo ambalo kila mchambuaji wa pamba angependa kulijua mapema. Shambani pamba hiyo ilifanya vizuri: idadi ya kunyunyiza ilishuka kutoka mara sita hadi mara mbili, na wakulima waliipenda. Lakini nyuzi zilitoka fupi kuliko za aina za zamani zilizoijengea pamba ya nchi hiyo jina. Mkulima alilipwa kwa kilo za pamba mbegu, kwa hiyo faida ilikuwa yake. Makampuni ya kuchambua yaliuza nyuzi kwa ubora, kwa hiyo hasara ilikuwa yao. Mwaka 2016 makampuni hayo yalidai fidia ya Faranga za CFA bilioni 48.3 kutoka Monsanto, na nchi ikarudi kwenye mbegu za kawaida. Jeni ya bakteria ilifanya kazi yake yote. Kasoro ilikuwa katika aina ya pamba iliyobeba jeni hiyo.

Usugu unavyokula mtaji

Hatari inayowakabili wanunuzi wote watatu ni moja. Mdudu akikutana na sumu ile ile kila kizazi, wachache wanaoweza kuistahimili ndio wanaozaa. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba nondo mdogo wa kabichi huko Hawaii alikuwa amejenga usugu dhidi ya Bt katika mashamba yaliyonyunyiziwa mfululizo. Afrika Kusini ilikuta bungua wa mahindi asiyekufa kwa mahindi ya Bt katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mwaka 2010 Monsanto ilithibitisha usugu wa funza mwekundu wa pamba katika jimbo la Gujarat, India, miaka minane tu baada ya mbegu kuruhusiwa.

Kinga inajulikana. Sehemu ya shamba hupandwa mbegu ya kawaida ili wadudu wasio sugu wabaki na kuzaliana na wale sugu. Wakulima wengi wa India hawakupanda sehemu hiyo, kwa kuwa kila mmoja aliona anapoteza mavuno yake kwa faida ya wote. Arizona, wakulima waliitekeleza kwa miaka, kisha wakaongeza nondo waliohasiwa kutoka angani, na mwaka 2018 Marekani ikatangaza kwamba funza huyo ametokomezwa katika maeneo yake ya pamba.

Kwa dawa za mbu, habari ni nafuu. Bti ina protini nne tofauti zenye sumu, na baada ya miongo kadhaa kwenye Rhine haijaleta usugu wa kutisha. Sphaericus hutegemea sumu moja kuu, na mbu wa Culex wameizoea katika nchi kadhaa zikiwemo Ufaransa, Brazil na India. Halmashauri inayonunua Griselesf peke yake kwa sababu inakaa muda mrefu inapata nafuu ya leo kwa gharama ya kesho. Inapaswa kupokezana na Bti.

Hesabu ya mwisho

Tanzania ina tangi, molasi na mbu. Lita milioni sita kwa mwaka ni nyingi, lakini miji inakua na mitaro inaongezeka, hivyo mahitaji hayawezi kusemwa kuwa ni ya kufikirika. Kinachohitajika ni mkataba wa miaka kadhaa, wenye nguvu ya dawa iliyoandikwa kwa vipimo vya kimataifa, bajeti ya wanyunyizaji iliyotengwa pamoja na bajeti ya dawa, na orodha ya mazalia iliyokamilika kabla ya pipa la kwanza kufunguliwa. Halmashauri kadhaa zikiungana na kununua kwa pamoja, kama jumuiya za Rhine, zitapata bei nzuri, na kiwanda kitaweza kupanga uzalishaji wake bila kusubiri agizo.

Agizo la serikali linaweza kuuza shehena ya kwanza. Ya pili huuzwa na matokeo, na matokeo ya Bt hupatikana kwa kurudia. Halmashauri itakayonyunyiza wiki mbili na kuacha itakuwa imemwaga fedha za walipa kodi mtaroni, na mbu watakuwa wamerudi kabla ya hati ya malipo kusainiwa.